Pointi ya Kumi na Nne, Nusu ya Kaskazini

Jumatatu, 11 Machi

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, na sidhani kama nitamwambia. Ijumaa, Dada Jenoveva alipopanda kule msikitini kutafuta mtandao, niliipiga picha orodha iliyofungwa kwenye kompyuta ya ofisini nikamtumia Mjomba Abubakari kwa wasapu. Ukurasa mmoja tu. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za kiatu.

Ningependa kuandika kwamba alinilazimisha. Hakunilazimisha. Alinicheka tu, siku moja kabla, tukimenya viazi kwa Bibi. "Msomi wetu huyu. Kidato cha nne kamaliza, Kiingereza kinamtoka puani, kazi aliyopata ni kuandika majina ya vigae vya vyungu vilivyovunjika." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ndivyo ninavyofanya nikichekwa. Kesho yake nikataka ajue kwamba si vigae tu, kwamba kuna kitu duniani wengine hawaruhusiwi kukiona na mimi nimeruhusiwa.

Alinijibu kwa kile kidole gumba cha njano. Basi.

Kwa kuwa daftari ni jipya, nieleze. Miaka kumi na tano iliyopita watu wa mabaki ya kale walikuja hapa Mgwashi, wakachimba sehemu arobaini na moja, wanazoziita pointi, wakapima, wakapiga picha, wakawarekodi wanawake wanaofinyanga vyungu. Mradi ukaisha, mkubwa wao akastaafu, vitu vikabaki kwenye sanduku: CD, diski mbili, madaftari. CD zimeota ukungu. Hewa yetu hii inaingia hata humo. Sasa Dada Jenoveva, mtu wa Rangwi, kaajiriwa mwaka mmoja kuokoa kinachookoleka. Kanichukua mimi nimsaidie wakati nasubiri kupangiwa kidato cha tano, kwa sababu nasoma Kiingereza, naandika Kiswahili, na nyumbani kwetu ni Kishambaa.

Orodha ziko mbili. Ya wazi itawekwa kwenye mtandao aione yeyote, na humo mahali pote panaitwa "Kata ya Mgwashi", hakuna zaidi. Iliyofungwa ina namba kamili za mahali, na kina cha kila shimo. Pointi ya kumi na nne iko nyuma ya nyumba ya Bibi yangu, Bibi Mwanaisha, kwenye kibonde wanakochomea vyungu. Bibi aliwakubalia kwa sharti: mahali pasitajwe. Na kwa kuwa mwanamume hakanyagi pale, waliochimba kumi na nne walikuwa wanawake watupu.

Jumatano, 13 Machi

Funga ya pili. Mvua. Umeme hakuna, kazi hakuna.

Jumamosi, 16 Machi

Leo nilikaa na Bibi kutaja picha. Macho yake yana wingu, kwa hiyo mimi naeleza, yeye anataja.

"Shingo fupi au ndefu?"

"Fupi, Bibi. Ina mistari kama nyayo za kuku."

"Angalia mdomo. Umepinda?"

Nikaangalia. Umepinda.

"Hicho cha marehemu Rahabu. Yule mwanamke hakuwa na subira hata kwa chungu. Hata kwa mume."

Nikaandika: Mfinyanzi ni Rahabu, mdomo umepinda kwa kukosa subira. Nilidhani Dada Jenoveva ataifuta sehemu ya pili. Akasoma, akasema, "Acha hivyo hivyo. Hiyo haipo kwenye kipimo chochote."

Kuna na video ya Bibi mwenyewe. Uso hauonekani, ni mikono tu, inazunguka chungu badala ya chungu kuzunguka. Dakika kumi na moja. Mikono hiyo hiyo jioni ilishindwa kushika kikombe cha uji, nikakishika mimi. Hakuna aliyejifunza kwake. Mama yangu yuko Muheza anauza machungwa, na mimi naogopa udongo kwenye kucha.

Ijumaa, 22 Machi

Dada Jenoveva kanifundisha jinsi anavyotunza. Nakala tatu. Moja kwenye diski anayotembea nayo, ya pili Dar, ya tatu nje ya nchi, ili moto au mafuriko ya sehemu moja yasimalize kila kitu. Kila wiki anazilinganisha. Kuna faili sitini hazifunguki kwa sababu programu iliyoziandika imekufa. Anazifungua moja moja, anazihamishia kwenye umbo jepesi litakalosomeka hata miaka hamsini ijayo. Anazungumza nazo. "Njoo mama, usiniangushe."

Nikamuuliza kwa nini pale kwa Bibi walichimba nusu tu.

"Kuchimba ni kuharibu, Shamsa. Ukishachimba huwezi kurudia. Kwa hiyo unaacha sehemu, makusudi, kwa ajili ya watu ambao hawajazaliwa. Watakuwa na vifaa kuliko sisi, na akili kuliko sisi."

Kumbe na chini ya ile nusu waliyochimba walitandika nailoni na kuweka sarafu ya mwaka ule kabla ya kufukia, ili watakaokuja wajue wenzao waliishia wapi.

Kwenye orodha iliyofungwa, pembeni ya kumi na nne, pameandikwa: "Sm 140. Nusu ya kaskazini imeachwa makusudi." Nimeandika mwenyewe kwa mkono wangu. Leo niliposoma tena niliisoma kama Mjomba.

Jumatatu, 25 Machi

Mjomba kaleta tende za futari. Hajawahi kuleta kitu.

Ijumaa, 29 Machi

Kaniuliza. Tulikuwa wawili tu, jikoni.

"Hivi hawa watu wenu, mtu anapima, anaandika kina, anafukia, anaondoka. Kaacha nini pale?"

"Vigae, Mjomba."

"Mtu haachi vigae makusudi."

Nikamwelezea habari ya watu ambao hawajazaliwa. Alicheka hadi akapaliwa. "Ambao hawajazaliwa. Na wewe umeamini. Shamsa, Mjerumani alikimbia huku kaacha mali zake ardhini, kila mtoto anajua. Hao wametumwa kuziweka alama, siku moja warudi na gari."

Hapa kwetu kila mtu ana jirani ambaye ana shemeji aliyeokota sanduku la Mjerumani. Sanduku lenyewe sijaliona kwa mtu. Ila nilimwona Mjomba usoni, na haikuwa mzaha tena.

Siku ya kumwambia Dada Jenoveva ilikuwa leo. Nilifika ofisini, akaniuliza, "Mbona uko hivyo?" Nikasema ni funga.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua. Faili nne zimefunguka.

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Pilau. Mjomba alikuja na wageni wawili kutoka huko bondeni, wapole sana, wamevaa buti mpya. Walimwamkia Bibi vizuri. Walikula, wakashukuru, wakaomba kuonyeshwa choo kiko wapi, ingawa kinaonekana.

Jumatatu, 15 Aprili

Mjomba kasema Alhamisi Bibi apelekwe kliniki ya macho, yeye ataita bodaboda, na mimi nimsindikize. Bibi kafurahi, siku nzima anawaambia majirani, "Abu kanikumbuka. Mwanangu kayakumbuka macho yangu." Kaosha kanga yake nzuri na mvua hii, haikauki.

Nikajiambia, labda kweli kayakumbuka.

Alhamisi, 18 Aprili

Nitaandika kwa mpangilio, kama ile fomu tunayojaza ofisini kwa kila pointi.

Tulitoka saa moja asubuhi, Bibi katikati, mimi nyuma, dereva anapiga honi kwenye kila kona kwa sababu ya ukungu. Kliniki walimwangalia, wakasema mtoto wa jicho, arudi mwezi wa sita. Bibi aliwashukuru wote, hadi mlinzi. Njiani alikuwa akinipigia hesabu ya vitu atakavyoviangalia kwanza akishaona.

Tulifika nyumbani saa kumi. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba. Bibi alisimama uwanjani, akanusa.

"Udongo umefunuliwa," akasema.

"Ni mvua, Bibi."

Nilisema hivyo nikiwa tayari najua.

Shimo lina upana wa jiko letu, na mimi nikisimama ndani sionekani. Nusu ya kaskazini yote haipo. Halafu wameingia na ya kusini, ile ambayo ilishachimbwa, na najua kwa nini: walikuta nailoni. Ukikuta nailoni ardhini na sarafu juu yake, na kichwani una Mjerumani, utaamini nini? Wakazidi kwenda chini. Nailoni waliitupa kwenye mibuni, ilikuwa inapigapiga kwa upepo. Sarafu niliiona kwenye tope, shilingi hamsini. Hawakuitaka.

Vigae vimejaa kila mahali. Mvua ilikuwa inaviosha, vinateremka na maji kwenye njia kuelekea mtoni, vingine vidogo kama kucha. Kuna chungu kimoja kilikuwa kizima. Kimepasuliwa leo kwa jembe, ndani bado ni chekundu.

Bibi aliteremka kwa makalio, maana panateleza, na kanga yake nzuri. Nikamwambia usishuke. Hakunisikia au hakunijali. Akaokota kigae, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wake.

"Huyu simjui," akasema.

Akaokota kingine. "Simjui."

Kingine. "Huyu ni wa zamani mno. Simjui. Simjui huyu pia." Aliviweka kwenye kanga kimoja kimoja, kama mtu anayepokea wageni na kuomba radhi kwamba hawakumbuki majina. Alikaa hivyo hadi adhana ya magharibi.

Nilizunguka ukingo. Kulikuwa na alama za buti, watu wawili, kuingia na kutoka. Na pembeni, chini ya mgomba, nje kabisa ya kibonde, kulikuwa na alama za kandambili. Hazikuingia hata hatua moja. Mtu alisimama pale muda mrefu, zimezama. Ya kushoto kisigino kimekatika.

Ile kandambili naijua. Iko mlangoni kwetu kila Ijumaa.

Nilizifuta kwa mguu wangu. Hilo ni jambo la pili ambalo sijamwambia mtu.

Jumamosi, 20 Aprili

Mjomba yuko sokoni anapakia kabichi. Nilisimama hadi akaniona.

"Sikukanyaga pale, Shamsa," akasema kabla sijafungua mdomo. "Nilisimama kwenye mgomba. Mama akiniapisha nitaapa, na sitakuwa nimesema uongo."

"Walipata nini?"

Akatupa kabichi kwenye gari. Nyingine. Nyingine.

"Vigae."

"Nilikuambia."

"Uliniambia, ndiyo. Lakini na picha ulinitumia wewe."

Nikamsaidia kupanga kabichi. Nusu saa nzima. Ndivyo nilivyo.

Jumatano, 24 Aprili

Dada Jenoveva alikuja kwa Bibi. Wanawake sita walikuwa wamekaa barazani, wote wanaofinyanga au waliowahi kufinyanga.

"Shikamoo, Bibi."

Bibi hakuitikia. Miaka kumi na saba nimeishi naye, hajawahi kuiacha shikamoo ya mtu, hata ya mlevi. Ile ya leo ilibaki pale katikati ya uwanja na mvua.

Dada Jenoveva akarudia. Akakaa chini kwenye sakafu yenye maji, na sketi yake ya kazini.

"Nilisema mahali pasitajwe," Bibi alianza, kwa Kishambaa, polepole. "Nani alipajua?"

"Ni sisi ofisini, Bibi. Mimi na Shamsa."

Dada Jenoveva hakunitazama. Nilingoja anitazame.

"Shamsa ni mjukuu wangu," Bibi akasema, kana kwamba hilo limemaliza upande wangu. Wanawake wakaitikia kwa vichwa. "Basi ni wewe."

"Sijatoa mimi, Bibi. Ila nilipaswa kuilinda, na imetoka. Hilo ni langu."

Mmoja wa wanawake akasema, "Unasikia anavyoongea. Kama karatasi."

"Futeni," Bibi akasema.

"Ile orodha?"

"Vyote. Vyungu, mikono yangu, sauti ya Rahabu. Tuliwapa tukiwa na akili zetu, sasa tunavitaka."

Dada Jenoveva akamwelezea, kwa adabu, kwamba nakala ziko tatu, na moja iko ng'ambo. Bibi alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo mimi ni kinywa kimoja, na nyinyi mna nakala tatu."

"Hapana, Bibi. Ile fomu uliyoweka dole inasema ukikataa siku yoyote, zinafutwa. Nitazifuta zote tatu. Nitakuletea karatasi uweke dole tena."

Angeweza kudanganya. Bibi haoni wala hajui kusoma, kompyuta hajawahi kuigusa. Angesema zimefutwa na ingekuwa basi. Nilikuwa naombea adanganye, nikajichukia, kisha nikaombea tena.

Wakati anaondoka nilimpa mwamvuli. Akasema, "Asante, mdogo wangu." Sijui kwa nini neno hilo liliniuma kuliko matusi.

Ijumaa, 26 Aprili

Mvua. Mjomba kaenda Muheza, kasema kuna kazi ya machungwa. Kandambili kaziacha mlangoni.

Alhamisi, 2 Mei

Ofisini. Dada Jenoveva alinipa simu yake. Binamu yake wa Rangwi kamtumia picha kutoka kundi fulani la watu mia mbili. Juu imeandikwa kwamba imesambazwa mara nyingi. Chini mtu kaandika: ALAMA ZA MJERUMANI USAMBARA, KINA NDANI.

Ni picha yangu. Imefifia kwa kupita mikononi, lakini namba zinasomeka zote arobaini na moja. Na kwenye kioo cha kompyuta, kwa mwanga wa dirisha, kuna kivuli cha kikombe cha bluu kilichomeguka ukingo, na kipande cha mtandio.

Kikombe kilikuwa mezani, kati yetu. Mtandio nilikuwa nimeuvaa.

Aliichukua simu. Akachukua na kikombe, akaenda kukiosha, akakipindua juu ya kitambaa. Alichukua muda kukiosha.

"Unafikiri ziko nakala ngapi za hii duniani?" akauliza akiwa amenipa mgongo.

"Sijui, Dada."

"Na mimi sijui. Zangu tatu najua kila moja imelala wapi."

Akarudi kukaa, akaendelea na faili zake. Anazifungua bado, zile zilizobaki, ingawa zitafutwa. Nilimuuliza kwa nini. Akasema kazi haiachwi katikati.

Zamani nilidhani ukali wake ni wa kujiona, mtu wa Rangwi aliyesoma. Kumbe anangoja. Anajua, na ananingoja mimi, na hataniita.

Alhamisi, 9 Mei

Pointi ya ishirini na mbili imechimbwa. Ya thelathini pia. Ile ya thelathini ilikuwa kaburi.

Jumatatu, 13 Mei

Mkataba wa Dada Jenoveva hautaongezwa. Waliomwajiri wamesikia kwamba orodha imevuja na kwamba wenyeji wameondoa ridhaa. Barua inasema "uzembe". Alinisomea neno hilo kwa Kiingereza, kisha akaliweka kwa Kiswahili, kama tunavyofanya na majina ya picha. "Tafsiri iko sawa?" akaniuliza. Nikasema iko sawa.

Jumamosi atakuja kuchukua dole la Bibi. Akishalipata anafuta ya kwake mbele ya Bibi, na mbili nyingine zinafutwa siku hiyo hiyo.

Alhamisi, 16 Mei

Mvua imekatika. Kibondeni maji yamejaa shimoni, vyura wameingia. Nilimtazama Bibi kwenye video mara tatu. Sijui kama ni kuaga.

Ijumaa, 17 Mei

Kesho ndiyo Jumamosi.

Nimekaa tangu asubuhi nafikiria kitakachobaki. Rahabu na mdomo wake uliopinda, hakuna. Dakika kumi na moja za mikono, hakuna. Michoro ya nusu ya kusini, ambayo sasa ndiyo peke yake inayoonyesha ardhi ile ilivyokuwa imejipanga, hakuna. Kitakachobaki ni picha yangu. Hiyo haiwezi kufutwa na mtu, haihitaji programu wala diski wala Dar, iko kwenye simu za watu mia mbili na wengine mia mbili. Wale ambao hawajazaliwa, wakija na vifaa vyao na akili zao, watakuta shimo la vyura na karatasi iliyofifia inayosema chimba hapa. Na kivuli cha kikombe.

Bibi anaweza kusema futa hata akijua. Ni haki yake, ni mikono yake. Lakini kesho ataweka dole akiamini anamwadhibu Jenoveva, na kwamba mwanawe kayakumbuka macho yake, na mjukuu wake ni mjukuu wake. Hata hiyo adhabu ya shikamoo kutoitikiwa haikuwa ya Jenoveva. Ilikuwa yangu.

Nikisema, Mjomba hatarudi nyumbani. Mama atanipigia kutoka Muheza aniulize nimepata faida gani. Bibi sijui atafanya nini. Sijawahi kumwona Bibi akinijua.

Fimbo yake naisikia kwenye korido. Anakuja kuuliza chumvi, au kuuliza tu. Kila mara nikisikia fimbo hii nalisukuma daftari chini ya godoro, miezi miwili sasa. Na leo ndiyo nimeona nilivyo mjinga: namficha maandishi mtu asiyejua kusoma. Ningeweza kuliacha wazi mezani msimu mzima na asingejua lolote.

Kwa hiyo kuliacha wazi hakutoshi. Itabidi nimsomee, kwa Kishambaa, kuanzia Jumatatu ya kumi na moja Machi, na mvua zote, na kandambili.

Fimbo imefika mlangoni. Daftari sijalifunga. Nafungua ukurasa wa kwanza.